Faili la Chaki Popo

Mimi ni Mmakonde wa Chilangala, kule Newala, na Mabel Popo ni Mmakua wa Masasi. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo lolote nitakaloandika hapa juu yake hana pa kunishtaki. Akinuna nitamtoza jogoo. Tumekaa jirani hapa Mkomaindo, Masasi mjini, miaka ishirini na sita, tumefanya kazi hospitali moja, mimi wodini na yeye masijala, na nimekula kwake mara nyingi mno hata nimeacha kulalamika kwamba anazidisha chumvi.

Watu wanamwita Mama Trevor. Huyo Trevor anaishi Tanga na mkewe, na kila mwaka humpigia mama yake simu kumwambia ahamie huko. Kila mwaka Mabel hujibu kwamba atafikiri, kisha huchukua jembe na kupanda bodaboda kwenda kupalilia mbaazi zake Lisekese. Ana miaka sitini na tano, ni mjane, mfupi, na miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Asubuhi anafagia uwanja, anakunywa chai ya tangawizi kwa kipande cha muhogo, anasoma kurasa mbili za Biblia na kurasa zote za gazeti hata kama ni la wiki iliyopita. Ukimwuliza habari za uzee anajibu nzuri, na hasemi hivyo kwa adabu tu.

Watu wanadhani masijala ni kupanga makaratasi. Sisi wa wodini tulijua kwamba mgonjwa asiye na faili ni mgonjwa ambaye hujui juzi alipewa dawa gani, na faili lisipoonekana, mara nyingi mkasa umeanzia mdomoni. Kimakua hakina b, wala d, wala g. Mzee anatoka kijijini, anaulizwa jina, anasema Pakari, na karani mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine anaandika Pakari. Mwezi unaofuata mzee anakuja na mjukuu aliyesoma, mjukuu anasema Bakari, na mnaweza kutafuta mpaka jua lizame. Mabel aliwafundisha makarani wote wageni jambo moja: ukikosa kwenye P, nenda kabati la pili, la B. Ukikosa kwenye T, nenda kwenye D. Akawakataza kumcheka mgonjwa. Kosa aliloliogopa kuliko yote ni kumtia mtu katika faili la mtu mwingine, maana hapo mtu anaweza kunywa dawa ya mwenzake na kufa nayo.

Sasa hilo jina lake. Huku kwetu popo huingia mashambani msimu wa korosho na kumaliza mabibo, na wapo wanaomhusisha na uchawi. Nimemtania Mabel kwa hilo tangu siku ya kwanza. Mabibo yakipungua kwetu Chilangala nilikuwa nampigia simu kumwuliza ukoo wake umeshiba au bado watarudi. Yeye alicheka, akaniita mla panya, nami nikacheka. Aliyekuwa hacheki ni kaka yake mkubwa, Mwalimu Arthur.

Mwalimu Arthur alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Ni mzee wa kanisa, mrefu, na shati lake limepigwa pasi hata akiwa shambani. Nusu ya watu wazima wa mji huu wanakumbuka fimbo zake kwa kusema "kitapu" badala ya "kitabu". Jina la Popo lilimtesa tangu alipokuwa shule ya bweni, ambako wenzake walikuwa wakipunga mikono kama mbawa kila akipita. Watoto wake wote amewaandikisha kwa jina lake mwenyewe, Arthur, wala si kwa jina la ukoo. Alitaka Popo aishie kwake.

Jina hilo lilitoka kwa baba wa babu yao. Watoto walisimuliwa kwamba mzee huyo aliitwa Chaki Popo, kwamba alikuwa baharia kwenye manowari ya Waingereza iliyokuwa ikikamata majahazi ya watumwa, kwamba aliacha kipande cha kidole huko baharini, na kwamba alipanda kuja Masasi pamoja na Wamisheni wa kwanza, amevaa suruali ya kibaharia na hana viatu. Amezikwa kwenye makaburi ya zamani Lisekese, chini ya rundo la mawe yasiyo na maandishi. Watu waliisikiliza hadithi hiyo kwa heshima na hawakuiamini. Baharia gani huyo, tuliulizana, katikati ya mikorosho na mbaazi? Mimi ndiye niliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baba yao alipokuwa mahututi hakumwita Arthur, alimwita Mabel. Mimi nilikuwepo, nimeshika drip. Akamwambia, "Papu yetu asikae bila jina. Wewe ndiye unayejua kutafuta." Mabel akamwahidi kwamba kaburi lile litajengwa na jina la kweli litaandikwa juu yake. Wiki hiyo hiyo mzee alifariki, na miezi mitatu baadaye Mabel akastaafu, kwa hiyo ikawa ana ahadi na ana muda.

Alianza na kitabu cha zamani cha ubatizo kanisani. Humo alikuta mstari mmoja wa mwaka 1877: "Jack, mtu mzima, aliyekuwa manowari." Jack kwa mdomo wa Kimakua ni Chaki. Basi, hakuna jina la pili. Lakini manowari ilikuwepo, na Mabel alirudi nyumbani akanionyesha mstari huo aliounakili kwenye daftari, akanitazama mpaka nikaomba radhi. Kisha akaandika barua pepe kwa ofisi moja ya nyaraka huko Uingereza, kwa Kiingereza chake cha masijala, akaianza kwa maneno "Karani mwenzangu". Nilimwambia Wazungu hawajibu barua za namna hiyo.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Aliyejibu alikuwa mama mmoja aliyekaribia kustaafu, na yeye pia alianza na "Karani mwenzangu". Tangu hapo wakawa wanaandikiana juu ya nyaraka, juu ya vumbi la nyaraka, na juu ya magoti yao. Mama huyo alieleza kwamba manowari za wakati ule zilikuwa zikiajiri mabaharia Waafrika Zanzibar, wakiwaita sidi, na kwamba wengi wameandikwa katika orodha za mabaharia, kila meli na kitabu chake na kila mtu na mstari wake: jina, umri, alikozaliwa, alama za mwilini, tabia. Majina yamepangwa kwa herufi. Yeye angeweza kupiga picha kurasa za herufi moja, meli baada ya meli, kila anapopata nafasi. Akauliza ni herufi gani, na Mabel akamjibu P.

Kwa miaka miwili zikaja P. Kila mwezi Mabel alipeleka simu yake steshenari, akachapisha kurasa, akaja kuzisoma barazani kwake kwa kioo cha kukuzia maandishi. Mwandiko ule ulikuwa umelala na kujikunja kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Nilikaa naye nikichambua mchicha wangu, akinisomea watu waliokufa zamani: Parker aliyelewa, Price aliyeanguka kutoka mlingotini, Porter aliyetoroka Bombay. Alifurahi. Nadhani ndiyo miaka aliyofurahi kuliko yote niliyomjua, maana alikuwa amerudi masijala na hakuna daktari wa kumharakisha.

Kisha akapatikana Jack Pope.

Jack Pope, sidi, msaidizi wa mpishi. Mwalimu Arthur alipooneshwa ukurasa ule aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa. "Pope," akasema polepole. "Wazee wetu hawakuweza kulitamka, wakaliharibu likawa Popo. Kumbe miaka yote hii." Sijawahi kumwona mzee yule amefurahi namna ile. Alimkumbatia dada yake mbele ya watu.

"Kaka, kidole hakipo," Mabel akasema. "Hapa wameandika hana alama yoyote. Na tazama mstari wa mwisho. Alifariki mwaka 1874 meli ikielekea Mauritius, akazikwa baharini. Mzee wetu alibatizwa hapa miaka mitatu baadaye."

"Karani alikosea."

"Karani anaweza kukosea umri. Kifo hakikosewi, kaka, maana baada ya kifo humpangii mtu zamu."

"Mabel, mdogo wangu, nina miaka sabini na mitatu. Nikingoja ukamilishe makabati ya Waingereza nitakuwa nimelala pale pale kando ya mzee. Kaburi litabarikiwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Padri ameshakubali, watoto wameshaomba ruhusa kazini. Jina limepatikana."

Akaenda Lisekese kwa fundi Cuthbert, anayechonga majina kwenye marumaru za makaburi, akaagiza: JACK POPE, BAHARIA. Cuthbert alisema ataanza kuchonga Jumatatu, wiki mbili kabla ya ibada. Huko kwa Cuthbert kila mtu anajua kanuni: maandishi ya penseli yanafutika, patasi ikishagusa jiwe imetoka.

Mabel hagombani na kaka yake, na sifa hiyo moja sijawahi kumwonea wivu. Lakini niliona jembe limelala siku tatu pembeni ya mlango. Mtu mwingine, msaidizi wa mpishi wa watu, angewekwa juu ya kifua cha babu yake, na wajukuu wangesoma na kuamini. Lilikuwa lile kosa aliloliogopa maisha yake yote, na safari hii lingechongwa kwenye jiwe.

Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, nikamwambia tupande Chilangala kwetu akabadili hewa. Anaipenda Chilangala, ingawa anasema Wamakonde tumejenga juu ya mlima ili tuwe mbali na maji na kuoga. Tukaokota korosho siku mbili, tukinyonga bibo na kutupa kokwa ndoo moja. Mimi sijui kukaa kimya na mtu mwenye huzuni. Nikaanza.

"Mimi namshukuru Mwalimu," nikasema. "Mabibo yangu yatapona. Ila Waanglikana kumlaza mzee wenu chini ya jina la Papa wa Roma, padri wenu amelionaje hilo?"

Akaendelea kunyonga bibo.

"Au mwacheni tu huyo Pope. Marehemu hana neno. Alizikwa baharini, atafurahi kupata kaburi la nchi kavu."

Hapo ndoo ikaanguka. Sasa, Mabel ni mtu wa Kiswahili safi, amesoma, ameongea na madaktari maisha yake yote. Lakini akikasirika kweli, jambo linalotokea kwa nadra, Kimakua kinapanda kutoka tumboni na b zake zote zinakimbia.

"Niachie papu yangu, Mama Faidha," akasema, na macho yamejaa machozi. "Hata wewe? Huyo si papu yangu. Papu yangu hakufa paharini."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. "Papu hakufa paharini," nikarudia. "Mama Trevor, hakuna hata moja iliyobaki. Ukiingia hospitali sasa hivi na hasira hiyo watakuandika Mapeli kwa p, na mimi nitakutafuta kwa b mpaka nizeeke."

Nilingoja aniite mla panya. Hakuniita. Alikuwa amesimama, kiganja kimejaa korosho, ananitazama bila kuniona.

"Kabati la pili," akasema.

Miaka thelathini na tatu aliwafundisha makarani wa watu. Watu wakitaja majina yao alisikia b iliyojificha ndani ya kila p. Lakini lile jina lilikuwa lake, alilibeba tangu kuzaliwa, na jina lako mwenyewe hulisikii. Alichosema baadaye ni kwamba aliona aibu zaidi ya alivyofurahi. Mimi nilidai jogoo kwa kazi niliyofanya, na bado sijapewa.

Mtandao Chilangala unapatikana nyuma ya zahanati. Tulikwenda tukasimama pale na mikono yetu inanata maji ya mabibo, akaandika: "Karani mwenzangu, naomba unisamehe. B. Tafadhali, meli zilizokuwa Zanzibar kati ya 1874 na 1876 tu. Nina siku kumi." Kisha akampigia kaka yake. Alisema, "Shikamoo kaka," akaeleza. Mwishowe Mwalimu Arthur akasema patasi itangoja mpaka Jumatatu ile ile waliyopanga, hata siku moja zaidi hapana.

Ijumaa tulikuwa tumesharudi Mkomaindo, na picha zikaingia mbili. Mabel hakwenda steshenari. Alizikuza kwenye simu, akasoma kwa sauti akitafsiri neno kwa neno, nami nikaandika, kwa hiyo ninayo maneno yenyewe mpaka leo kwa mkono wangu:

"Jack Bobstay. Sidi. Umri, kama ishirini na nne. Alizaliwa: Makua. Alama: nusu mwezi kwenye paji la uso, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimekatika kiungo kimoja. Tabia: nzuri sana. Ameachishwa kazi Zanzibar, 1876, kwa ombi lake mwenyewe, kwenda bara na Wamisheni."

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani amejifungua. Mabel alilia kwa utulivu, akanifanya nisome pale pa tabia mara tatu. Nzuri sana. Akasema katika kurasa zote za P alizosoma miaka miwili, walioandikiwa nzuri sana hawafiki kumi. Tulipika pilau mchana ule bila sababu ya sikukuu, na nilikula chumvi yote bila neno.

Jioni akamwandikia mwenzake kumshukuru, na akauliza, kwa kutaka kujua tu, kwamba jina Bobstay ni la watu wa upande gani wa Uingereza, labda alipewa na bwana fulani mwema.

Jibu la asubuhi lilikuwa refu, na lilianza na samahani. Si jina la watu. Ni kamba, au mnyororo, unaofungwa chini ya pua ya meli kushikilia mlingoti wa maji, ule unaochomoza mbele, usinyanyuke matanga yakivuta. Mabaharia wa Kiingereza hawakujisumbua kujifunza majina ya masidi. Waliwapa majina ya kuchekesha yaliyokuwa karibu. Katika ukurasa ule ule, akaonyesha, kuna mtu aliyeitwa Biskuti na mwingine aliyeitwa Ndoo ya Lami. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote. "Nimetafuta meli tatu zaidi kabla ya kukujibu," aliandika, "kwa sababu sikutaka kukuambia hivi."

Mabel aliizima simu. Jumamosi hakufagia uwanja. Nilimpelekea uji, nikaukuta mchana vile vile. "Nilimwahidi Baba jina la kweli," akaniambia. "Nimetafuta miaka miwili, nimepata kamba."

Na hapa nitasema yangu, kwa kuwa nina hasira na sioni kwa nini nizifiche. Mimi nimemwita Mabel popo miaka ishirini na sita. Namwita kwa haki ya mila, na yeye ana haki ya kuniita mla panya mbele ya wakwe zangu, na ameitumia. Nikifiwa atakuja kunichekesha kaburini, nami nitakwenda kwake. Wale waliomwita kijana wa watu kamba, yeye angewaita nini wao? Angethubutu? Utani wa upande mmoja si utani. Nilikaa mlangoni kwake siku ile nzima na sikuwa na mzaha hata mmoja wa kumpa, na nilijiona sifai kitu.

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa kaka yake na ile karatasi, akamsomea vyote, na jina na maana yake. Sikuwepo. Ninachojua ni kwamba Jumatatu asubuhi Mwalimu Arthur alinipigia simu mimi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniomba nimsindikize dada yake Lisekese. "Njoo na wewe," akasema. "Wewe ni mtani. Shughuli ya kaburi haiendi bila mtani."

Tulimkuta kwa Cuthbert amesimama mbele ya jiwe, karatasi mkononi. Marumaru nyeusi, imelazwa juu ya magunia, na juu yake kwa penseli nyeupe: JACK POPE. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia marahaba bila kugeuka. Cuthbert alikuwa anashika patasi na kuiweka chini, anaishika tena.

"Nimeisoma karatasi hii usiku kucha," Mwalimu Arthur akasema. "Yule mpishi si wetu. Ulikuwa na haki, Mabel, na mimi nilikuwa na tamaa. Sasa tuandike kama hati inavyosema. Bobstay. Hati ni hati. Tena maana yake si mbaya ukiitazama vizuri, ni kamba inayoshikilia meli. Wajukuu wakienda kutafuta watalikuta."

Nilidhani Mabel atakubali. Maisha yake yote alikuwa mtu wa hati. Alilisogelea lile jiwe, akapitisha kidole juu ya penseli bila kuifuta.

"Kaka," akasema, "hati ile ni ya meli. Ilikuwa kwa ajili ya meli kujua ina watu wangapi. Alipofika hapa hapakuwa na Mwingereza wa manowari wa kumwuliza wewe ni nani. Angeweza kulitupa lile jina njiani. Hakulitupa. Alilisema kwa mdomo wake, mdomo wa Kimakua, mpaka wasingelitambua wenyewe waliompa. B zao akazitoa. Mwisho wake akaukata. Nimefikiri siku mbili, na naona pale ndipo pekee ninapomsikia. Kwenye kurasa zote zile simsikii, wanamwandika tu. Kwenye P namsikia."

"Watoto watachekwa," Mwalimu Arthur akasema.

"Mimi nimechekwa miaka ishirini na sita na huyu hapa, na sijafa." Akamgeukia. "Kaka, mimi sikumkuta hai babu yetu mzaa baba. Wewe ulimkuta. Ulikaa miguuni pake, na yeye ni mtoto wa kumzaa wa yule mzee, alilisikia kwa baba yake mwenyewe. Litaje kama alivyokuwa akilitaja."

Mwalimu Arthur alivua miwani. Akaweka mkono juu ya marumaru. Cuthbert akatazama pembeni kwa heshima. Halafu akafungua kinywa, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, ya nyumbani, sauti ya mtu ambaye hajawahi kushika chaki darasani.

"Papa yangu, Chaki Popo," akasema. "Hivyo ndivyo alivyokuwa anaanza. 'Papa yangu, Chaki Popo, alikuwa mtu wa pahari.'"

Mimi ni mtani. Nilikuwa na haki ya kucheka pale, kwa mila zetu ningeweza kumcheka mwalimu mkuu mpaka wiki ijayo. Nililia, na sikujali nani ananiona.

Mwalimu Arthur alivaa miwani yake. "Futa hiyo," akamwambia Cuthbert. "Andika CHAKI POPO, BAHARIA. Chini yake andika TABIA NZURI SANA."

Cuthbert alifuta kwa kitambaa chenye maji, akapima, akachora upya. Alipofika jina la pili akasita, kwa kuwa aliwahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu na fimbo zake anazikumbuka. Akauliza kama P ni zote mbili.

"Zote mbili," Mwalimu Arthur akasema, na alisimama pale juani, hakukubali kiti, mpaka ya pili ilipomalizika kuchongwa.